Nani Mwenye Najisi?

Mji wa Eldoret ulipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Lakini jina la jiji halichimbi mtaro. Katika mitaa kama Langas wako wapangaji wengi wasiofikiwa na mabomba ya maji machafu.

Iko njia isiyongoja mabomba. Huko Mukuru, Nairobi, kuanzia 2011 shirika la Sanergy lilieneza vyoo vyenye vyombo vya kufungika. Wachukuzi huvitoa vilivyojaa, huweka vitupu vilivyo safi, na kinyesi hufanywa mbolea.

Lakini wachukuzi hao twawaita topasi, na mkono wao twaukwepa. Basi twauliza, ndugu zetu: nani mwenye najisi? Ni huyo abebaye chombo, kisha akaoga akatwaharika, au ni mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi kwa nyumba isiyo na choo? Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kujisaidia njiani, amnyimaye mwenziwe choo, je, hakumsukuma huko? Najisi ya mwili huondoka kwa maji. Dhuluma haiondoki ila kwa kumrudishia mwenye haki haki yake.

Nasi wa pwani tujihesabu: nyumba zetu za kupangisha zina vyoo?