Muulizeni Mzee Anameza Nini

Wanangu mlioanza kazi wodini na maabara, sikilizeni neno hili kabla hamjazoea kusoma namba kuliko kumsoma mgonjwa.

Mtapokea wazee wenye saratani ya tezi dume. Baadhi yao watakuwa wanatibiwa kwa estrojeni, homoni tuliyozoea kuiita ya wanawake. Msishangae. Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kuwa saratani hiyo hustawishwa na homoni ya kiume, na kwamba estrojeni huidhoofisha. Dawa huinyamazisha tezi iliyo chini ya ubongo, na korodani zikikosa amri, hulala. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, zina amri yake nyingine. Hizo huendelea kutoa kotisoli, na homoni za kiume kidogo. Hapo ndipo vijana huteleza. Estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini, nalo huzidisha protini inayobeba kotisoli damuni. Kipimo cha kawaida hujumlisha kotisoli yote, iliyoshikwa na iliyo huru. Namba inapanda, kijana anaandika kuwa adrenali zimezidisha kazi, mzee wa watu anaanza kuzungushwa kwenye vipimo vya gharama. Kumbe iliyoshikwa ni mahindi ya ghalani. Mji hulishwa na yaliyofika sokoni, na hayo hayajazidi.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Adrenali zikiwa zimedhoofu kweli, protini hiyo inaweza kuipandisha namba ikaonekana ya kawaida. Mzee anaishiwa nguvu, presha inashuka akisimama, kichefuchefu hakimwachi, nanyi mmeshika karatasi inayosema ni mzima. Waaminini wagonjwa wa namna hiyo. Kotisoli ya mate hufuata ile iliyo huru, na estrojeni ya kubandika kwenye ngozi hailichochei ini kama kidonge.

Sasa kuuliza. Fomu ya maabara ina nafasi ya dawa anazotumia mgonjwa, na mara nyingi huletwa tupu. Mzee aliyeanza kuota matiti hatalisema hilo mbele ya foleni. Atakwambia anameza "dawa ya mkojo", kisha atazame pembeni. Mficha maradhi kifo humuumbua, ni kweli, ila sisi tunaouliza kwa sauti kubwa ndio tunaomfanya afiche. Vuta pazia. Mwamkie shikamoo, keti, umwambie: "Baba, naomba nione pakiti za dawa zako zote." Andika jina la dawa, kiasi, na saa damu ilipotolewa, maana kotisoli huwa juu asubuhi na kushuka jioni.

Wala msimwachishe dawa ili namba ipendeze. Dawa hiyo imezuia saratani. Mpigieni daktari anayemtibu, mwelezeni mlichokiona, yeye ndiye aamue.