Babu Aliyefufuka na Jirani Tuliyemwogopa

Sisi tunaotoka Sumbawanga tumezoea kutaniwa. Ukiwa ndani ya basi kutoka Dar es Salaam, ukitaja unakoshukia, hakosi mtu wa kukuuliza kwa nini hukusafiri kwa ungo. Wengi husema kwamba hata jina la mji wetu, kwa Kifipa, maana yake ni kutupa uchawi. Utani huo tunaucheka, lakini umetufanya tushtuke kila tunaposikia habari za mizimu, hata zikiwa za kitabuni.

Ndivyo tulivyoshtuka riwaya ya Babu Alipofufuka ilipopita mikononi mwetu katika jumuiya. Mwandishi wake ni Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, nayo ilitoka mwaka 2001. Inamhusu K, mkubwa anayeishi kwa anasa huku wananchi wakitaabika. Babu yake, ambaye alikwisha kufa, anamrudia na kumlazimisha kuyatazama yale asiyotaka kuyaona.

Tulipokaa kuizungumzia, tuligawanyika. Mzee wetu mmoja, katekista wa siku nyingi, alisema kitabu hicho hakifai kwa vijana. Ufufuko tunaoukiri ni wa Kristo, na wa wafu siku ya mwisho. Marehemu hawatumwi kuwatembelea wajukuu. Wazee wetu waliobatizwa waliacha matambiko, na kuyaacha hakukuwa kwepesi. Kwa nini sisi wajukuu wao tuyarudie?

Mwalimu mmoja alimjibu kwa adabu kwamba babu huyo ni dhamiri tu iliyovikwa umbo la mtu. Kijana aliyekaa karibu na mlango hakuridhika na wote wawili. Aliuliza: kama mwandishi anawachukia wala rushwa, kwa nini asiwaseme waziwazi, bila kuzunguka makaburini?

Tukarudi kwenye Maandiko, maana ndiko tunakopimia mambo. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, hakuanza kwa kumtaja muuaji. Alimsimulia habari ya tajiri aliyempora maskini kondoo wake mmoja, na mfalme akajihukumu mwenyewe kabla hajajua. Hilo lilimjibu kijana wetu: mkosaji huziba masikio akitajwa, lakini hadithi huisikiliza. Bwana wetu naye, katika Injili ya Luka, alisimulia habari ya tajiri na Lazaro. Humo wafu wanazungumza, na tajiri anaomba Lazaro atumwe duniani awaonye ndugu zake. Katekista alifurahi, kwa sababu Ibrahimu alikataa ombi hilo. Mwalimu naye alifurahi, kwa sababu Yesu hakuogopa kuwapa wafu maneno ndani ya hadithi. Wote wawili walikuwa na haki, lakini tulikuwa bado hatujafika kwenye kiini cha jambo.

Aliyetufikisha ni mama mmoja mjane, ambaye hakuwa amekisoma kitabu. Alisema: “Ninyi mnabishana juu ya babu wa kwenye karatasi. Kitabu chenyewe kinakiri kwamba ni hadithi. Waliokuja mlangoni kwa mama yangu kumwita mchawi hawakusema ni hadithi.”

Tulinyamaza. Mama yake tulimfahamu. Mtoto wa jirani alipofariki, minong'ono ilipita nyumba hadi nyumba, na bibi yule akahama usiku na kigoda chake na sufuria moja. Hakuna aliyemgusa. Lakini pia hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuketi naye. Nchini mwetu, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa miaka mingi. Wanaowaua hawatoi uamuzi wao kwenye riwaya. Huutoa kwenye maneno yasiyo na mwandishi, ambayo kila mtu ameyasikia kwa mwingine.

Hapo ndipo tulipouona mzani tulioukosa. Tulikuwa tunauliza kama ndani ya kitabu kuna mizimu. Tungeuliza: kinatufanya tumwone jirani vipi? Riwaya ile inamnyoshea kidole mwenye nguvu na kumtaka atubu. Uvumi unamnyoshea kidole mnyonge, tena hautaki atubu, unataka aondoke. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na hadithi inayojulikana kuwa hadithi haimshuhudii mtu yeyote uongo. Tulikuwa tumelinda imani yetu dhidi ya kitabu, tukauacha mlango wazi kwa maneno ya kisimani.

Katekista bado hawapi vijana riwaya ile bila kukaa nao kuisoma, nasi tunaona hekima katika hilo. Lakini ni yeye aliyetukumbusha jinsi habari ya Lazaro inavyoishia: asiyewasikiliza Musa na manabii hatashawishika hata mfu akifufuka. K alihitaji babu atoke kaburini kwa sababu walio hai hakuwasikia. Sisi je? Bibi yule alikuwa hai, akilia nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulikwenda kwa binti yake kuomba tuelekezwe alikohamia. Tulikuwa wanne. Katekista alitangulia.