Chapati kwanza, nyama baadaye

Wandugu wa Lobule, na ninyi mnaotuhudumia, nina swali. Mgeni amekuja, kuku ni mmoja, watu ni tisa. Kumshibisha chapati za maji kwanza, ni ukarimu ama ni hila?

Sisi si wa kwanza. Huko Yorkshire, Uingereza, walimimina rojo la unga, mayai na maziwa ndani ya mafuta ya nyama yenye moto mkali, likafura na kukauka. Walilila kwanza, na mchuzi, ili nyama kidogo iwatoshe wote.

Mama hapa Koboko anafanya vilevile. Mafuta yakiwa baridi hamimini, maana chapati itayanyonya na kulegea. Zikitoka kingo zimekauka kau, mgeni anacheka.

Zamani niliona ni udanganyifu. Sasa naangalia kitu kimoja tu: mpishi mwenyewe anakula nini? Anayemjaza mgeni unga ili nyama ibaki kwake, huyo ni mwizi. Mama anagawa nyama yote, halafu anabaki na chapati ya mwisho na mchuzi.

Huyo hakudanganya mtu. Lakini sisi tuliokula, tusijifanye hatukuona sahani yake.