Jumatano: Maneno ya Watumwa wa Naamani

Soma 2 Wafalme 5:9–14. Ni mambo gani yaliyomzuia Naamani asitende alichoambiwa? Ni nini kilichombadilisha nia?

______________________________________________

Naamani alijua kwamba ni mgonjwa. Hakuhitaji kuhubiriwa habari za ukoma. Aliuona katika ngozi yake mwenyewe. Tena alikuwa amesafiri kutoka Shamu hadi Samaria akitafuta kupona. Hata hivyo, alipoonyeshwa njia, alikasirika akageuka kwenda zake. Angalia sababu zake. Nabii hakutoka nje kumlaki, bali alimtuma mjumbe. Uponyaji haukuja kwa namna aliyoiwazia moyoni. Na mito ya kwao, Abana na Farpari, aliiona kuwa bora kuliko maji yote ya Israeli. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyohusu ukoma. Zote zilihusu moyo: heshima, mazoea na fahari.

Basi kujua si sawa na kutenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani walikutana na fumbo hili. Vipimo vya kifua kikuu vilitolewa bure, na magari yenye mashine za eksirei yalipelekwa karibu na makazi ya watu, lakini wengi hawakujitokeza. Walipochunguza, waliona kwamba mtu hujiuliza maswali kimyakimya kabla ya kutenda. Je, ugonjwa huu unaweza kunipata mimi? Ukinipata, utanidhuru kiasi gani? Je, hatua hii itanisaidia kweli? Na itanigharimu nini: fedha, muda, au aibu mbele ya watu?

Maswali hayo tuliyaona wazi Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 ulikuwa umekuwa janga la dunia. Watu wa nyumba moja walisikia tangazo lile lile redioni, wakatenda tofauti. Mmoja alisema ugonjwa huo ni wa watu wa mbali. Mwingine alijawa na hofu hata hakutaka kusikia habari zake tena. Kwa maana hofu isiyoonyeshwa njia ya kutokea humfanya mtu azibe masikio. Mwingine alikuwa na barakoa mfukoni, lakini aliona haya kuivaa peke yake kati ya wenzake.

Hata kanisani tuliumizana. Aliyenawa mikono mlangoni na kuketi mbali na wenzake aliambiwa kwamba hana imani. Naye aliyejikinga alimdharau asiyejikinga, akamwita mjinga. Kuna ndugu ambao mpaka leo hawajarudi katika ushirika waliokuwa nao kabla ya siku zile.

Soma Mathayo 4:5–7 na Kumbukumbu la Torati 22:8. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu uhusiano kati ya kumtegemea Mungu na kuchukua tahadhari?

______________________________________________

Shetani alitumia ahadi ya kweli ya Mungu kumshawishi Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Yesu alikataa. Hakuwa na upungufu wa imani. Alijua kwamba kujitia hatarini bila agizo la Mungu ni kumjaribu Mungu. Na katika sheria aliyopewa Musa, mwenye nyumba aliagizwa kujenga ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo ule haukujengwa kwa sababu Israeli hawakuwa na imani. Ulijengwa kwa ajili ya mgeni, mtoto na jirani. Vivyo hivyo, wakati wa tauni, swali la Mkristo si "Je, mimi naogopa?" tu, bali pia "Ni nani anayeweza kuanguka kutoka dari langu?" Labda ni bibi mwenye kisukari anayeketi kiti cha nyuma yako kila Sabato.

Sasa rudi kwa watumwa wa Naamani. Bwana wao alikuwa na hasira, nao wangeweza kunyamaza. Lakini walimkaribia. Walimwita baba. Hawakumcheka wala hawakumtisha kwa habari za ukoma aliokwisha kuujua. Walimwonyesha kwamba jambo lililotakiwa lilikuwa dogo na analiweza. Naamani akashuka mtoni. Maji ya Yordani hayakuwa dawa. Aliyeponya ni Mungu. Hata hivyo, Mungu aliwatumia watumwa wasiotajwa majina kumfikisha mtoni, kama alivyomtumia kwanza kijana mwanamke aliyetekwa kutoka Israeli.

Huenda janga lingine litakuja tukiwa hai. Siku hiyo matangazo yatakuwapo mengi. Lakini mzee mkaidi nyumbani huenda asimsikilize mtaalamu wa redioni. Atamsikiliza mtu anayemheshimu, anayemkaribia kwa upole, anayetangulia kunawa mikono yake mwenyewe na kumwekea ndoo ya maji karibu. Uaminifu wa namna hiyo haupatikani siku ya hatari. Hujengwa leo.

Tafakari: Je, kuna shauri jema la afya ulilolikataa, si kwa sababu ni baya, bali kwa sababu ya aliyelileta au namna lilivyoletwa? Mweleze Bwana jambo hilo katika maombi leo.

Jadilini darasani: Je, kuna mtu katika kundi lenu aliyejeruhiwa kwa maneno wakati wa UVIKO-19? Ni nani atakayemwendea juma hili, naye atamwambia nini?