Woga Hautolewi kwa Fimbo



Leo tuzungumze kuhusu woga. Siyo ule wa mtihani, maana huo unaisha siku ya matokeo. Nasema ule unaokaa mwilini: mtu ananyanyua mkono kukusalimia, wewe unajikunja. Nimesoma falsafa miaka mitatu, lakini woga huo nimeuelewa vizuri zaidi kwa mbwa.

Mbwa mwenyewe ni wa mjomba wangu anayeishi Gerezani, jirani kabisa na Kariakoo. Alimwokota mtaani akiwa mdogo ili amlindie ua. Sasa fikiria mnyama anayekulia pale: spika za wamachinga zinataja bei kutwa nzima, bodaboda na bajaji zinapiga honi, wasukuma mikokoteni wanapaza sauti kuomba njia. Akikatiza mtaani anarushiwa jiwe. Basi kikianguka hata kifuniko cha sufuria, anaufyata mkia na kujibanza nyuma ya pipa la maji, anatetemeka. Ukimfuata kule, ananguruma.

Mjomba akasema, "Watoto wanacheza hapa. Akimng'ata hata mmoja, namwondoa." Wote pale nyumbani tulijua maana ya kumwondoa.

Nilikuwa likizo. Alipokuja daktari wa mifugo kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, nikamuuliza tufanyeje. Akasema mbwa anayenguruma akiwa kwenye kona haleti ukaidi, anaomba nafasi. Ukimpiga kwa sababu amenguruma, unamfundisha kung'ata bila kutoa onyo. Akatuelekeza: watoto wasimsogelee, apewe kona yake tulivu, asikaziwe macho wala kuinamiwa. Chuchumaa mbali kidogo, mpe ubavu, mtupie kipande cha chakula, kisha ondoka. Kila siku, saa ile ile. Akishazoea, washa redio kwa sauti ya chini anapokula, na uipandishe kidogo kidogo kadiri anavyotulia.

"Frateri," mjomba akacheka, "kumbe seminari mnafundishwa kubembeleza mbwa?"

Wiki ya kwanza hakugusa chakula mpaka niondoke. Wiki ya tatu alikula nikiwa nimechuchumaa pale pale. Wiki ya tano akaja mwenyewe, akaninusa mkono. Honi ya lori bado inamkimbiza, sitakudanganya. Lakini siku hizi anarudi bila kufuatwa, na mjomba hazungumzii tena kumwondoa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba woga huzaliwa na upendo. Tunaogopa kwa sababu kuna kitu tunakipenda na tunaona kinaweza kupotea. Kwa hiyo kuogopa peke yake siyo dhambi, wala siyo uthibitisho kwamba huna imani. Mwenye woga ana kitu anakilinda. Swali ni je, nani atamsogelea, na atamsogelea vipi?

Hebu soma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya anamkimbia Yezebeli. Amechoka, amelala chini ya mti jangwani, anaomba afe. Hivi wewe ungemwambia nini? Wengi wetu tungeanza na mahubiri: "Nabii mzima unaogopa mwanamke mmoja?" Mungu hakuanza hivyo. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Akaja mara ya pili na chakula. Baadaye sana, huko Horebu, ndipo Mungu akamuuliza anafanya nini pale. Upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo humo. Ikaja sauti ndogo, ya upole. Na baada ya sauti hiyo Eliya alirudishwa kazini. Upole wa Mungu haukumwacha alale chini ya mti milele.

Kuna vijana wanaokwepa kitubio mwaka wa tatu sasa. Wengine dhambi zao ni za kawaida kabisa. Wanachokwepa ni sauti: walilelewa kwa makofi na matusi, wakaamini Mungu naye yuko hivyo hivyo, anasubiri wakosee awachape. Mtume Yohane, katika Waraka wake wa Kwanza 4:18, anatuambia kwamba upendo uliokamilika huufukuza woga, na kwamba woga unafungamana na adhabu. Kama wewe ni mmoja wao, nakusihi: usimpime Baba yako wa mbinguni kwa mkono uliokupiga.

Katekisimu, namba 2416, inasema tunawiwa wema na wanyama. Namba 2418 inakataza kuwatesa bila sababu, na pia inatukumbusha kwamba upendo unaostahili watu tusiwape wanyama. Kama mbwa amestahili wiki tano za uvumilivu, yule binti anayekaa nyuma kwenye jumuiya bila kusema neno anastahili ngapi?

Wiki hii mtafute mmoja. Usimhoji, usimkazie macho. Mnunulie chai na chapati, kaa pembeni yake, halafu rudi tena wiki ijayo.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemlisha Eliya kabla ya kumuuliza neno, utusogelee taratibu sisi tunaojificha, na utufundishe kuwasogelea wenzetu vivyo hivyo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.