Kitu cha Bure, Je, Kina Deni?

Siku moja kijana wa shule alituuliza swali lililotunyima usingizi. Tulikuwa ofisini, tukimwonyesha namna ya kuandika barua kwa kompyuta. Programu ile ya kuandikia hatukuinunua. Rafiki mmoja alituletea ndani ya flashi, pamoja na kiprogramu cha kuvunjia kufuli lake, na sisi tukaiweka bila kuuliza imetoka wapi. Kijana akaona maandishi yaliyotokea juu ya kioo, yakisema kwamba programu hii si halali. Akatugeukia, akauliza kwa adabu: «Mwalimu, hii si ndiyo amri ya saba?»

Tulicheka kidogo, tukamjibu upesi kwamba waliotengeneza programu hiyo ni matajiri, tena hawakupungukiwa na kitu. Lakini jibu lile halikutushibisha hata sisi wenyewe. Mwizi wa mbuzi naye aweza kusema kwamba mwenye mbuzi anao wengine mia. Ni kweli, programu si mbuzi: ukiinakili, mwenyewe anabaki nayo. Hata hivyo wako watu waliokesha wakiitengeneza, wakaitoa kwa masharti, na masharti yao sisi tuliyavunja kwa siri. Tena kile kiprogramu cha kuvunjia kufuli kilikuja na virusi. Kabla mwezi haujaisha, orodha zetu za mwaka mzima zikaharibika. Hatukuwa na mtu wa kumlaumu, ila nafsi zetu.

Baadaye ndugu mmoja alituletea flashi nyingine. Ndani yake mlikuwa na Linux. Akasema: «Hii nakilini mnavyotaka. Wapeni na majirani.» Tazameni basi: tendo ni lile lile la kunakili, lakini la kwanza lilifanyika kwa kujificha, na la pili mchana kweupe. Tangu siku ile twaitumia Linux kila siku: twaandika barua, twapanga hesabu, twachapa karatasi za mitihani. Na swali la yule kijana limegeuka, limekuwa hili: Kitu tulichopewa bure, je, kinatudai neno? Tulifikiri pamoja.

Kwanza, tujue jambo lenyewe. Kompyuta isiyo na programu ni sanduku tu. Programu huandikwa na watu kwa maneno na alama ambazo fundi mwingine aweza kuzisoma. Kisha maandiko hayo hugeuzwa kuwa tarakimu tupu, zinazofaa mashini peke yake. Makampuni mengi huuza zile tarakimu na kuyaficha maandiko. Ni kama mganga anayekupa dawa ndani ya chupa, wala hataki kukuonyesha mizizi. Dawa yaweza kuwa nzuri sana. Lakini mganga akifa, dawa imekufa naye. Na akipandisha bei, huna la kufanya.

Mtu mmoja wa Marekani, jina lake Richard Stallman, alilionja jambo hili mapema. Alifanya kazi katika maabara ya chuo kikuu kiitwacho MIT. Karibu na mwaka 1980 maabara yao ilipata mashini mpya ya kuchapa, nayo ilikuwa ikikwama mara kwa mara. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwapashe watu habari karatasi zinapokwama. Akamwendea mwalimu wa chuo kingine aliyekuwa na maandiko ya programu ile, akamwomba. Mwalimu akakataa, kwa sababu alikuwa ameahidi kutompa mtu. Stallman aliondoka na uchungu, akiwaza: Je, ni haki kuahidi mapema kwamba sitamsaidia jirani yangu?

Mwaka 1983 akatangaza kazi kubwa, akaiita GNU: kutengeneza mfululizo mzima wa programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia kwa shughuli yoyote, kuyasoma maandiko yake na kuyageuza, kuwagawia wengine, na kuwagawia hata zile alizozigeuza. Mwaka 1989 ikatoka leseni iitwayo GPL, yenye sharti la akili sana: Ukimgawia mwingine programu hii, hata kama umeigeuza, shurti umpe na maandiko yake, pamoja na ruhusa zile zile ulizopewa wewe. Ndiyo kusema, aliyepokea mlango wazi asiufunge nyuma yake.

Ilibaki sehemu moja kubwa, yaani kiini, ile programu ya msingi inayotawala kumbukumbu, diski na kibodi. Mwezi wa Agosti mwaka 1991, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland, aliwaandikia watu wengine kwamba anatengeneza kitu cha namna hiyo, kwa kujifurahisha tu, wala hakitakuwa kikubwa. Huyo ni Linus Torvalds. Mwaka 1992 alikiweka kiini chake chini ya leseni ya GPL, na mafundi wa nchi nyingi wakaingia kazini. Leo simu za Android zinatumia kiini hicho. Na tangu Novemba 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote zinatumia Linux. Basi, hata yule anayesema «Mimi Linux siijui» huenda anaibeba mfukoni.

Pili, tuyapime maneno yetu. Waingereza wana neno moja kwa maana mbili, nao hupata taabu kueleza jambo hili. Sisi Waswahili tumebahatika: tunasema bure, na tunasema huru. Kitu kisicholipiwa ni cha bure. Kitu kisichofungwa ni huru. Linux ni huru kwanza. Ubure wake ni tunda la uhuru huo. Mtu anaruhusiwa hata kuiuza, mradi asiwanyang'anye wanunuzi ruhusa zao. Tena wengi wa wale wanaotengeneza kiini leo wanalipwa mshahara na makampuni yanayokihitaji. Hakuna ubaya, mfanyakazi anastahili ujira wake.

Lakini neno bure lina hatari kwetu. Tunasema pia «kazi bure», maana yake kazi isiyo na faida. Kwa hiyo wengine wanadhani kwamba kitu cha bure ni kitu kisichofaa, wakikumbuka kwamba rahisi huvunja upishi. Na wengine hukosa kwa upande mwingine: wanadhani kwamba kitu cha bure kimeota chenyewe kama nyasi, hakuna aliyekitolea jasho. Kosa hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza, nalo ndilo letu sisi tunaotumia.

Tutoe mifano miwili. Iko programu huru iitwayo OpenSSL, inayolinda maneno ya siri ya watu katika intaneti. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 ilijulikana kwamba ina tundu, na tundu hilo lilikuwamo tangu mwaka 2012. Maandiko yake yalikuwa wazi mbele ya dunia nzima, na makampuni makubwa yaliitegemea. Lakini walioitunza walikuwa wachache mno. Kila mmoja alifikiri kwamba mwingine ameyasoma. Kitabu kilicho wazi juu ya meza hakisomeki kwa sababu ya kuwa wazi tu.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2024. Iko programu ndogo, xz, kazi yake kubana mafaili, nayo imo ndani ya Linux nyingi. Kwa muda mrefu mtu mmoja ndiye aliyekuwa na mzigo wake. Mwaka 2022 alieleza waziwazi kwamba nguvu zake zimepungua, tena kazi hii haimlipi kitu. Watumiaji wengine hawakumpa pole, bali walimharakisha. Kumbe mtu mwenye jina la uongo alikuwa amekwisha jitokeza kama msaidizi mwema. Alifanya kazi kwa saburi zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo, kisha akaingiza mlango wa siri wa kuwapitishia wezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilionekanaje? Fundi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia katika mashini yake kunachelewa nusu sekunde. Hakuidharau hiyo nusu sekunde. Akachimba, akaukuta mlango, akautangaza tarehe 29 Machi, kabla haujaenea katika seva za watu.

Wengine watasema: Basi, hiyo ndiyo hasara ya kuacha mambo wazi. Twajibu: Sivyo. Matundu yamo katika programu zilizofichwa pia, na Freund aliweza kuchimba mpaka mwisho kwa sababu maandiko yalikuwa wazi. Lakini mfano huu watuonyesha jambo lingine. Yule mchovu aliachwa peke yake na watu wasio na idadi waliokula matunda ya kazi yake. Mwizi aliingia kwa pengo lililoachwa na watu wema.

Hapo twapata jibu la swali letu. Kitu cha bure hakina bei, lakini kina deni. Deni hilo hakuna mahakama inayolidai, wala leseni haikuliandika. Anayetumia tu hakuvunja sharti lolote. Ni deni la shukrani, na shukrani ya maneno matupu haimwondolei mtu mzigo. Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi katika Linux tumekuwa wageni siku nyingi.

Mtasema: Sisi si mafundi, tutashika jembe gani? Yako majembe ya kila mkono. La kwanza ni kusema kweli juu ya makosa. Programu ikikwama, usinung'unike barazani. Waandikie wanaoitunza, ukieleza kwa utaratibu ulifanya nini na nini kilitokea. Freund alianza hivyo hivyo, kwa kuangalia jambo dogo.

La pili ni lugha. Mwaka 2004, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitokea Jambo OpenOffice, programu huru ya kuandikia na kufanyia hesabu, maneno yake yote ya Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa tajiri yeyote, kwa sababu maandiko yalikuwa wazi. Lakini programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyotunzwa huwa kama shamba lililoachwa. Mwalimu anayejua Kiswahili kizuri aweza kutoa hapo mchango ambao fundi wa Ulaya hawezi kuutoa.

La tatu ni kumfundisha jirani. Mahali pengi wapenzi wa Linux hukutana siku moja, watu wakaleta mashini zao, wakasaidiwa kuiweka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa njia ya kawaida, na kompyuta nyingi nzima hazikubaliwi na ile iliyofuata. Vikundi vya watu wema vilijitolea kuwaonyesha wenzao kwamba mashini ya namna hiyo haifai kutupwa, inaweza kufanya kazi kwa Linux. Kwetu, ambapo kununua megabaiti ni gharama, mmoja akipakua mara moja aweza kuwagawia wote wa shule kwa flashi ile ile. Ruhusa anayo.

Lakini wanaofundisha wajihadhari na kiburi. Tumeona vijana wanaojua amri mbili tatu wakamcheka mama anayeuliza mafaili yake yamekwenda wapi. Tumeona wengine wakiihubiri Linux kama kwamba haina kasoro, kisha mashini ya kuchapa inakataa kuitika, na mtu aliyewaamini anaaibika mbele ya mkubwa wake. Afadhali kusema mapema: Hili litakufaa, hili litakusumbua. Uhuru haupokelewi kwa kudanganywa, wala kwa kutukanwa.

Yule kijana tulimpa flashi. Sasa ndiye anayetunza kompyuta nne za shule yao, na Jumamosi huja kwetu na daftari alimoandika kila neno la Kiswahili aliloona limetafsiriwa vibaya, tukalipima pamoja kabla ya kulipeleka. Juma lililopita akatuuliza tena: «Mwalimu, na ile programu ya kwanza, mmekwisha kuifuta?»

Tulinyamaza. Juu ya mashini ya pili, ile ya hesabu za mishahara, ingalipo programu nyingine iliyonakiliwa kwa siri. Haifanyi kazi ndani ya Linux, na kila mwezi tumesema tutaitafutia dawa mwezi ujao. Safari hii hatukucheka, wala hatukusema habari za matajiri. Tulimjibu: «Bado.» Kisha tukakaa naye, tukaanza kuzihamisha hesabu zile moja moja kwenye jedwali la programu huru. Usiku uliingia tumefika mwezi wa Machi. Imebaki miezi tisa, naye ameahidi kurudi Jumamosi.