Ridhaa

Lugha yetu imewatendea wema wachezaji wasiolipwa. Waingereza huwaita kwa neno waliloliazima kwa Wafaransa, maana yake mpenda jambo, na siku hizi wakilitamka mara nyingi huwa wanamkusudia mtu asiyeijua kazi yake. Sisi tunasema mchezaji wa ridhaa. Ngumi za ridhaa, ngumi za kulipwa: kila msikilizaji wa redio anaijua tofauti hiyo. Na ridhaa si neno dogo. Ni neno la ndoa. Shehe hafungi ndoa mpaka ridhaa ya binti ipatikane, na ikishapatikana hakuna anayesema kwamba kwa kuwa mtu aliridhia mwenyewe, basi hana wajibu wowote nyumbani kwake.

Swali langu ni hili: aliyeingia katika jambo kwa hiari, bila mshahara wala mkataba, anaweza kudaiwa?

Aliyeniletea swali hili ni mjukuu wangu aishiye Dar es Salaam. Yeye na wenzake waliomaliza shule wameshikwa na besiboli, mchezo wa Kimarekani uliotufikia kwa mikono ya Wajapani. Katika miaka ya 2010 ulianza kufundishwa katika baadhi ya sekondari za mji ule. Desemba 2018 kikafunguliwa kiwanja chake katika Shule ya Sekondari Azania, kwa msaada wa serikali ya Japani. Mashindano yetu ya taifa yakaitwa Koshien, kwa kufuata yale ya sekondari za Japani yaliyoanza mwaka 1915. Watazamaji ni wachache na fedha hakuna. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Finland, nchi ya watu wasiofika milioni sita, ina ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana mabega, tangu mwaka 1980, na wengi wa wachezaji wake Jumatatu hurudi kazini kama watu wengine.

Besiboli huchezwa na watu tisa. Asipotimia wa tisa, kanuni hazina huruma: timu huhesabiwa imeshindwa 9 kwa 0, hata kama hakuna mpira uliorushwa. Timu ya mjukuu wangu ilikuwa na watu tisa kamili, wa akiba hakuna. Jumamosi moja mdakaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alipata kibarua cha kupakua mizigo Kariakoo kwa shilingi 15,000. Akaenda. Simu akaizima. Wanane walikuwa kiwanjani na glavu zao za mitumba. Mmoja alikuwa amekopa nauli kutoka Mbagala, mwingine alikuwa amekatwa ujira wa siku nzima ili aje. Wakasubiri, wakahesabiwa tisa kwa bila, wakarudi makwao.

Niliifikisha habari hii barazani kwetu Ngamiani baada ya sala ya alasiri. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli akadakia: "Mwalimu, mnamlipa nini hata mumdai? Masikini kapata riziki yake." Wengi wakamuunga mkono. Nikawakumbusha mwaka 1988, Coastal Union ilipotuletea ubingwa wa ligi hapa Tanga. Soka yetu wakati ule ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha. Lakini pale Mkwakwani sikumsikia hata mmoja wa wazee hawa akisema kuwa beki asilaumiwe kwa kuwa halipwi. Walimtukania hadi nyanya yake.

Walicheka, ila hoja nzito ilitoka kwa maalim wetu. "Mwalimu," alisema, "funga ya sunna, kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtu akishaianza ana hiari ya kuivunja, wala hailipi. Iweje mpira uwe mzito kuliko funga?" Siku ile sikuwa na jibu. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo.

Nionavyo, funga ile ni baina ya mja na Mola wake. Nikiivunja saa sita mchana, funga ya jirani yangu haibatiliki. Mdakaji alipoivunja ya kwake, za wanane wote zilibatilika. Nilipomrudia maalim na jibu hilo, yeye mwenyewe, kwa uungwana wake, akaniongezea kwamba hija ya sunna haiko kama funga: ukishahirimia, sharti uikamilishe.

Wenzake walimhesabu, naye akawaacha wamhesabu. Hapo ndipo alipojifunga. Mwenye mshahara akitoroka, mwajiri humkata, na hesabu ikaisha. Wa ridhaa hakatwi kitu, kwa hiyo deni lake lote hubaki kwa watu. Wala simlaumu kwa kwenda Kariakoo. Huenda nyumbani hakukuwa na unga. Ninachomdai ni simu. Angewaambia alfajiri, wangetafuta mtu, au walau wangebaki na nauli zao.

Wapo wasiodaiwa kabisa, na mfano wao uko jirani, katika mchezo huo huo. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walipata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, wakanyimwa viza kwa kasoro za hati zao. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wapangwe kucheza nao, wakafunga safari Januari 2012 mpaka Kampala ili mechi ile ichezwe. Wangebaki kwao, nani angewanyooshea kidole? Ile ilikuwa hisani. Wazee wa baraza letu huchanganya hisani ya mtu asiyedaiwa na ahadi ya mtu aliyejifunga mwenyewe, wakaona vyote viwili ni zawadi ya kupokelewa kwa shukrani inapokuja na kwa ukimya isipokuja.

"Babu, tumrudishe?" mjukuu wangu aliniuliza. Nikamwambia swali hilo ni la wale wanane, si langu wala la baraza. Wakapiga kura. Mdakaji akarudishwa, watano kwa watatu. Mjukuu wangu alikuwa miongoni mwa wale watatu, na Jumamosi iliyofuata ndiye aliyemrushia mipira.